Sarafu ya Tatu ya Gogo Fong

Wifi yangu Ummi hajui kusema uongo. Akiunguza wali anakutangazia kabla hujavua viatu, na ukimuuliza kama gauni limekupendeza, jiandae. Kwa hiyo aliponieleza alichomfanyia Gogo Fong, ilibidi nikae chini.

Ummi alitoka Tanga, na tangu mwaka 2014 alikuwa akiishi na Gogo Fong na kumtunza. Gogo ni bibi kwa Kizulu, na huyu ni bibi wa Kichina aliyezaliwa hapa hapa Johannesburg, anakaa ghorofani juu ya duka lililofungwa, karibu na Newtown. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Kila alipokuwa na jambo zito, alitandika kitambaa chekundu mezani, akarusha sarafu tatu za shaba za babu yake, zenye tundu la mraba katikati. Upande wenye herufi nne unahesabiwa mbili. Upande wenye herufi mbili ni tatu. Ummi alisoma na kujumlisha. Jumla ikiwa witiri, anachora mstari mzima. Ikiwa shufwa, mstari uliokatika. Mara sita, kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayejenga ukuta. Kisha Gogo anaeleza umbo hilo linasema nini, maana maumbo yote sitini na manne alikuwa nayo kichwani. Mwisho anaokota sarafu moja moja, akizipapasa kwa kidole gumba. Ummi alidhani anazifuta vumbi.

"Hiyo si ramli hiyo?" nilimuuliza.

"Wifi, mimi nasoma tu. Ya ghaibu anayajua Mungu."

Anasoma tu! Mbona sauti ilimshuka kila alipozisimulia sarafu hizo? Aliniambia kwamba mstari wa sita ukikaribia, chumba kizima kinatulia, hata kelele za teksi barabarani huzisikii, na yeye anaogopa kupumua. Nilimcheka, ila mkono wangu ulisisimka.

Juni 2017, mwana wa Gogo alipiga simu kutoka Australia: tiketi tayari, mama njoo uishi nasi. Asubuhi yake Gogo akatandika kitambaa.

"Niende, au nibaki?"

Mama mzazi wa Ummi alishafariki. Ummi alipougua homa ya mapafu, ni bibi huyu asiyeona aliyekaa kitandani akimlisha uji, kijiko kikigonga kidevu kabla ya kufika mdomoni. Mama mwingine hana.

Wakaanza. Mistari miwili iliyokatika, miwili mizima, mmoja uliokatika. Ummi alilijua umbo hilo. Mstari wa sita ukiwa mzima, jina lake ni Msafiri. Ukikatika, ni ndege anayeambiwa asipande juu, abaki chini.

Gogo akarusha. Ya kwanza ikalala: tatu. Ya pili: mbili. Ya tatu ikazunguka, ikazunguka, ikaanguka na herufi zake nne juu. Mbili. Jumla saba. Msafiri.

"Ngapi?" aliuliza Gogo.

Ummi anaapa kwamba mdomo ulijisemea wenyewe. "Tatu, mbili, tatu. Nane, Gogo."

Gogo akanyoosha mkono. Akaokota ya kwanza, akaipapasa. Akaokota ya pili. Kwenye ya tatu kidole gumba kikasimama. Kikarudi taratibu juu ya herufi: moja, mbili, tatu, nne. Hapo ndipo Ummi alipoelewa kwamba miaka yote ile kidole kilikuwa kinasoma. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nane," alisema Gogo. "Chora, mwanangu."

Ummi akachora mstari uliokatika. Gogo akampigia mwanawe simu, akamwambia haji. Kisha akazifunga sarafu katika kitambaa na kumkabidhi Ummi akaziweke.

"Msafiri angoje kidogo," alisema. "Leta chai."