Mimba Iliyokaa Mgongoni

Kwaya ya usharika wetu hapa Cheyo huvaa sare ya rangi ya damu ya mzee, na aliyeibadili ni mimi. Zamani ilikuwa nyeupe. Nilisimama kwenye mkutano nikasema nyeupe inashika vumbi, inakula sabuni, na kwa kuwa mimi ndiye fundi cherehani niliyeishona, nisikilizwe. Nikasikilizwa. Hawakujua kwamba Jumapili moja kabla ya hapo nilikuwa nimetoka kanisani kinyumenyume, mgongo ukutani, hadi nikaufikia mlango wa pembeni.

Damu yangu haikuwa na adabu. Hedhi za wenzangu zilikuja zikaondoka. Yangu ilikuja ikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nilivaa pedi mbili kwa pamoja, juu yake kitambaa, na bado kiti cha cherehani nilikitandikia mfuko wa nailoni. Ilianza hivyo nikiwa na miaka thelathini na saba. Sikuwa na mtoto. Mimi na mume wangu jambo hilo hatukulizungumza, lakini tulilijua kuliko tulivyojua bei ya sukari.

Kisha tumbo likaanza kukua. Nilipanua magauni yangu mwenyewe, mshono kwa mshono, na wateja wakaanza kuniachia kiti nikae. Wakati huohuo nikashikwa na hamu ya udongo, ule wa kula unaouzwa sokoni. Nilitembea nao kwenye mkoba, nikautafuna huku nikipiga pasi.

Mama mkwe alikuja kwa treni kutoka Kigwa kututembelea. Aliona tumbo, akaona udongo, akanivuta chumbani. Aliniwekea kiganja chini ya kitovu, akabonyeza, akakuta pagumu.

"Mwanangu, hii ni mimba," alisema. "Imekaa mgongoni."

"Mama, damu naiona kila mwezi."

"Ndiyo hivyo hivyo. Ikikaa mgongoni, damu haikomi. Tutairudisha mbele."

Wengi kwetu wanaamini kwamba mimba inaweza kuhamia mgongoni, kwa kijicho cha watu au kwa hasira zake yenyewe, ikalala huko hata miaka. Dawa yake ni mizizi ya kuchemsha. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na baiolojia nilifaulu. Nilijua mimba hailali mgongoni. Mizizi ile niliinywa, chungu kama nini, kwa sababu yule mama ndiye mtu pekee aliyewahi kuniambia kwamba ndani yangu kuna mtoto.

Miaka ikapita, haikurudi kitu mbele. Nilichopata ni kizunguzungu, moyo kwenda mbio nikipanda ngazi tatu tu za dukani, na kucha kuwa nyeupe.

Aliyenitoa hapo ni mtani. Jirani yangu dukani, muuza khanga, ni Mzaramo aliyeolewa huku, na Wazaramo na sisi Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za misafara. Mtani hanuniwi, hata akisema lisilosemeka. Siku moja aliniona nimeegemea ukuta, nahema, akaweka mikono kiunoni mbele ya wateja.

"Nyie Wanyamwezi bwana! Babu zenu walibeba mizigo ya watu kutoka huku mpaka kwetu pwani, hawaulizi ndani kuna nini. Na wewe umebeba huo mwaka wa nne sasa. Utautua wapi?"

"Na nyie mlikaa pwani mkisubiri tuwaletee," nilimjibu. "Kazi yenu kula."

Wateja wakacheka. Na mimi nilicheka, kisha nikaona aibu, kisha nikakasirika. Hasira haikuwa juu yake. Kesho yake nilifunga duka nikaenda hospitali kupiga utrasaundi.

Vilikuwa vivimbe. Vingi, vimeota kwenye nyama ya kizazi, kimoja kikubwa kimekilalia kibofu. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliniambia si saratani, na kwamba wanawake wengi wanavyo na wengine hawajui kamwe. Hata udongo aliueleza: mtu akiishiwa damu, hamu ya namna ile humjia, awe mjamzito asiwe. Nilitaka kucheka. Ushahidi wote wa mimba yangu ulikuwa ugonjwa mmoja.

Kisha akanieleza njia. Kuna vidonge vya kupunguza damu, ila vivimbe vinabaki. Kuna kutoa vivimbe peke yake na kukiacha kizazi. Inawezekana, lakini kwa wingi wa vyangu naweza kupoteza damu nyingi kwenye meza ya upasuaji, vinaweza kuota tena, na mtoto akipatikana itakuwa bahati. Na kuna kutoa kizazi chote. Damu inakoma moja kwa moja, na mtoto hayupo tena.

"Kwa vyovyote tutakuongezea damu kwanza," alisema. "Wewe unataka nini?"

Nilimwambia anichagulie. Akakataa. Alisema mwingine mwenye vivimbe kama vyangu angechagua tofauti na asingekosea, maana anayekwenda kuishi nao uamuzi ni yeye. Nilimchukia kidogo siku ile. Nilirudi mara mbili zaidi na maswali: je, nitazeeka ghafla, je, mume wangu atanihisi tofauti, je, nikingoja ukomo wa hedhi? Alijibu yote bila kuangalia saa. Ovari zangu, alisema, angeziacha kama ni nzima.

Nyumbani mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama tungeweza kungoja kidogo. Nikamwambia nimengoja. Alitoka nje akashughulika na baiskeli isiyo na tatizo lolote. Aliporudi alisema uamuzi ni wangu, na kwamba yeye ndiye atakayemwambia mama yake.

Nikakaa nikajiuliza: ninakibakiza kizazi hiki kwa ajili ya nani? Jibu lililokuja halikunipendeza. Kilikuwa cha mama mkwe. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchoka zamani. Nikachagua kitolewe.

Mume wangu hakumwambia. Jioni ya kuamkia kulazwa nilipiga simu Kigwa mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote, polepole, kama nilivyoelezwa. Simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupokelewa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa kuinama, na siku iliyofuata mama mkwe akaingia kwa treni, amebeba beseni, unga wa ulezi na kuku hai. Alimhamishia mwanawe sebuleni, akatandika mkeka chini, kando ya kitanda changu, akawasha mkaa, akachemsha maji. Nilielewa anachofanya. Ndivyo anavyohudumiwa mwanamke aliyejifungua.

"Mama, daktari amesema kidonda kisikandwe."

"Nani kasema nitagusa kidonda? Lete miguu."

Alinikanda miguu na mabega. Majirani walifika, wakasimama mlangoni wasijue waseme nini, kwa kuwa mzazi huambiwa hongera. Aliwaambia waseme pole, na mara nyingine wasije mikono mitupu.

Walipoondoka alinipa uji wenye pilipili manga, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mjukuu nilimtaka," alisema.

"Najua, mama."

"Nilimtaka sana. Simu sikukata kwa hasira. Nilikuwa nalia, sikutaka unisikie."

Sikuwa nimelia hospitali, wala kwa mume wangu, wala nilipoweka sahihi. Hapo ndipo nilipomlilia yule mtoto ambaye hakuwahi kuwepo, nikalia kwa sauti, kidonda kikiuma kila nikivuta pumzi. Mama mkwe alinishikia bakuli lisimwagike. Hakuniambia ninyamaze.