Dereva wa maiti anayelala ndani ya gari kabla ya kulinunua

Saa nne asubuhi, katika duka la magari pale Athi River, kando ya barabara ya Mombasa. Othman Ndeti anavua viatu, anapanda nyuma ya pikapu mpya nyeupe na kulala chali. Anaunganisha miguu. Anaweka mikono kifuani. Anafumba macho.

Muuzaji, mwanamume wa tai nyekundu aitwaye Mike, anatazama huku na huku, mteja mwingine asije akaona.

"Mzee, uko sawa?"

"Niache kidogo. Napima."

"Si niko na tepu? Nikuletee?"

"Tepu haina mabega," Othman anamjibu bila kufumbua macho.

Othman ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka ishirini na moja ameendesha gari la mazishi la Waislamu wa mji wa Machakos, kwa mshahara ambao mwaka huu wa 2001 umefika shilingi 4,500 kwa mwezi. Gari ni la msikiti lakini halichagui dini. Anayefiwa na hana njia anakuja kumgongea Othman, anatia mafuta, wanakwenda. Kangundo, Kithimani, mpaka Masinga.

Anapima kwa mwili wake kwa sababu katika jamii nzima ya msikiti hakuna mrefu kuliko yeye. "Jeneza letu limenizidi shubiri moja," anaeleza. "Nikilala na shubiri ibaki kati ya nyayo na mlango wa nyuma, basi mlango utafunga. Nikitosha mimi, kila mtu atatosha."

Hapa kwa Mike shubiri imebaki, na vidole viwili juu yake. Othman anatabasamu. "Alhamdulillahi," inamtoka kwa sauti. Halafu anabaki amelala dakika mbili zaidi, bila haja, kwa raha tu.

Hapo ndipo alipoharibu. Mike alimwona.

Bei ilikuwa imeanzia shilingi 1,180,000, na kabla Othman hajavua viatu ilikuwa imeshuka mpaka 1,120,000. Alipovaa viatu tena, haikushuka hata shilingi.

"Hiyo ndiyo ya mwisho, mzee wangu. Na uharakishe, bajeti inasomwa wiki ijayo. Ushuru ukipanda usiniambie sikukuambia."

Kama utapanda kweli, Mike hajui. Wanaojua ni wachache, na hao hawana shida ya gari. Katika bei ya pikapu mpya kuna ushuru juu ya ushuru, na anayelipa ni mama wa kuuza mahamri aliyetoa shilingi mia moja kila mwezi kwa miaka sita. Familia mia moja na arobaini zilitoa hivyo. Pamoja na harambee moja, mfuko wa gari jipya la mazishi umefika shilingi 1,050,000 na hauna pa kupanda tena. Wakubwa wanaopita mjini na vioo vyeusi hawajawahi kuvua viatu kupima chochote. Wao wananunuliwa kila kitu. Wakati wa kura za 1997 mgombea mmoja aliahidi gari la mazishi, akapigwa picha ameshika jeneza, akashinda. Gari lake mpaka leo liko njiani.

Kutoka Athi River Othman alirudi Machakos mjini, kwa muuzaji mwingine, Zaki. Huyu alimpokea kwa salamu ndefu na chai ya tangawizi.

"Ami, huko kwa watu wa tai ulienda kufanya nini? Wamekwambia ngapi?"

"Milioni na laki moja na ishirini."

"Mimi nakupa milioni moja na elfu themanini. Kunywa chai."

Othman alikunywa polepole. Mpaka kikombe kinaisha Zaki ameshuka hadi 1,030,000 na kuongeza kifuniko cha turubai bure. Akaiandika bei ile kwenye karatasi na kupiga muhuri. Pesa zilitosha, na chenji ingebaki.

Othman akavua viatu, akapanda, akalala. Nyayo ziligusa mlango. Ilimbidi akunje magoti.

"Ami, kwani mtu akifa hakunjwi kidogo?" Zaki alimuuliza akicheka.

"Anza wewe," Othman alimjibu.

Hata hivyo karatasi ile ilikuwa silaha. Kesho yake aliipeleka Athi River na kuiweka mbele ya Mike. Kwa wanunuzi wengi hapo ndipo bei huanguka. Mike aliisoma yote, muhuri na kila kitu, akairudisha polepole.

"Ni poa. Lakini niambie kitu moja, mzee. Huko pia ulilala?"

"Nililala."

"Miguu iliingia?"

Othman aliikunja karatasi. Neno moja tu, "iliingia", lingemshusha Mike, pengine mpaka 1,050,000 kamili. Othman alikaa kwenye kiti cha ngozi cha wateja akatazama sakafu. Mike akaelewa. Akatoa elfu ishirini, ikawa 1,100,000, na hapo akagoma. Pengo likabaki elfu hamsini.

"Mambo mengine ningedanganya, mimi si malaika," Othman anasema. "Lakini si juu ya ile miguu. Niko na sababu."

Sababu iko kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Masinga. Ni miaka mitatu sasa. Alikuwa amebeba mwili wa mama mzazi wa muuza samaki wa bwawani aitwaye Kasiva. Mlango wa nyuma wa gari kuukuu haufungi, jeneza hutokeza nje na kufungwa kwa kamba. Barabara ile inatengenezwa kila mwaka kwenye makaratasi ya ofisi. Gari lilipoingia shimoni kamba ilikatika, na Othman akasikia Kasiva anapiga kelele kule nyuma: "Dereva simama! Mama anatoka! Simama, mama anatoka!"

Jeneza lilikuwa limetoka nusu. Kasiva alikuwa amelikumbatia, kucha zimetoka damu.

Walikwenda hivyo mpaka nyumbani, mwendo wa mtu kutembea, Kasiva na kaka zake wawili wakilishikilia kwa mikono. Walifika jua linazama. Mtu yeyote aliyewahi kukaa nyuma na mwili wa mtu wake, kamba imemkata viganja, hahitaji kuelezwa safari hiyo.

"Hakuna aliyenitukana," Othman anasema. "Wangenitukana ningelala usingizi. Kasiva alinipa chai, mikono yake imefungwa kitambaa."

Ijumaa baada ya swala kamati ya msikiti ilikaa. Othman alieleza habari ya shubiri, akaomba wasubiri miezi michache watafute hizo elfu hamsini. Bajeti iliwatisha. Mwenyekiti, ambaye mwenyewe ana magari mawili, alisema la Zaki linatosha.

"Ndeti, maiti hajui mlango umefungwa au haujafungwa."

"Wenye maiti wanajua," Othman alijibu.

Mikono ikainuliwa. Saba kwa mbili. Pikapu ya Zaki inachukuliwa Jumatatu.

Nyumbani mkewe, Mishi, hakumhurumia. "Wewe ulienda kununua gari au kulala? Ungesimama wima kama wanaume wengine, ukanuna, yule wa tai angeshuka. Wewe unalala unatabasamu kama bwana harusi!"

Halafu akauliza Nzuki anataka ngapi.

Nzuki ni fundi wa kuchomelea vyuma karibu na soko. Othman amemchorea kwa chaki, chini sakafuni. Anataka pikapu hiyo ikatwe nyuma, iongezwe chuma cha shubiri moja na nusu, mlango urudishwe mwisho. Nzuki alikuna kichwa.

"Gari mpya kabisa? Nikitia moto tu, garantii imekwisha. Hata Zaki hatakujua."

"Kwani sasa ananijua?"

Kazi hiyo ni shilingi elfu sita, zaidi ya mshahara wa mwezi. Kamati haijaambiwa, kwa hiyo chenji ya mfuko haiguswi, na ikijua huenda Othman asiwe dereva tena. Mishi anauza mbuzi wake wawili Jumamosi. Jumatatu, kabla pikapu haijafika msikitini, itapitia kwa Nzuki.

"Likishaungwa nitalala tena ndani," Othman anasema. "Safari hii mlango afunge Mishi. Nataka nikiwa pale chini nisikie komeo limeshika."

"Nikifunga nakuacha humo naenda sokoni," Mishi anamwambia.

"Nenda. Bora umefunga."