Utepe Mwongo wa Nesi Esteria

Hebu mwone mwanamke huyu anavyofika. Ni saa tatu asubuhi, jua limeshachangamka, naye anakuja kwa miguu katikati ya mashamba ya pamba, viatu ameshika mkononi maana tope jeusi la mbugani halitaki kiatu. Amevaa gauni la kiuguzi, begi limening'inia begani. Umri wake miaka arobaini na saba, na hatua zake ni za mtu aliyezoea kwenda mbali bila kulalamika. Jina lake Esteria, binti wa mzee Ngassa wa Mwamapalala, muuguzi wa zahanati huku upande wa Migato. Anafika kwenye uzio wa minyaa wa mji wa Mashimba. Mbwa wawili wanamtokea wakibweka, na hakuna anayewaita.

Hapo ndugu yangu ujue kuna jambo. Kazi ya mbwa ni kumkaripia mgeni, na kazi ya mwenye mji ni kumkaripia mbwa. Mwenye mji akinyamaza, mbwa amesema kwa niaba yake.

"Mwangaluka," akaamkia Esteria akiwa nje ya uzio.

Aliwapita mbwa polepole, akaingia, akapiga goti kwenye tope na gauni lake lile lile, kama mtoto wa kike anavyowaamkia mama zake kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu."

Mbele yake aliketi Ng'wana Bujiku, mama mzazi wa Mashimba, akichambua majani ya mlenda kwenye ungo. Aliendelea kuchambua. Msukuma akiamkiwa kwa goti huitikia hata kama ana msiba, kwa hiyo Esteria alibaki na goti lake chini, tope likimpenya. Bora angepigwa kofi.

"Umekuja kuangalia kama ameshakufa?" mama akasema hatimaye, macho kwenye ungo.

"Nimekuja kumwona Joyness, mayu."

"Macho yako yalishamwona. Tena na mdomo wako ukamwona."

Na hapo mama alisema kweli. Wiki tatu nyuma, Esteria alikwenda kupima watoto wa chini ya miaka mitano kwenye darasa la awali la shule ya kijiji. Alikuwa na Jilala, mhudumu wa afya wa kijiji, kijana mwenye mwandiko mzuri. Kazi yao ilikwenda hivi: Esteria anamfunga mtoto mkononi utepe wa kupima unene wa mkono, anasoma namba na rangi, anaita, Jilala anaandika. Kijani mtoto mzima, njano mwangalie, nyekundu yuko hatarini. Miaka kumi na tisa amefanya hivyo zahanatini, ambako watoto wanalia na milango inagongwa na hakuna anayesikia chochote. Lakini siku ile darasani akina mama walikaa wametulia ukutani, zaidi ya hamsini, wakisikiliza kama wako kanisani. Akaita, "Joyness Mashimba, kumi na moja nukta mbili, nyekundu."

Wengine watatu waliitwa nyekundu siku ile, lakini mama zao walikuwa wenyeji na hawakuwa na maadui. Mama yake Joyness, Benedikta, alikuwa na maadui. Alikuwa binti wa kutoka kijiji cha Kasoli, aliyeolewa akaletwa kati ya watu wasiomjua. Joyness ana miaka mitatu na nusu. Mdogo wake ana mwaka mmoja na nusu. Wanawake kisimani hawahitaji kalamu kwa hesabu ya namna hiyo. Walihesabu kwa vidole, wakaona mimba ya pili iliingia Joyness akiwa bado ananyonya.

"Kabemendwa yule," wakasema. "Wazazi hawakuvumilia. Hata nesi kaona, kasema mbele za watu."

Na huko, mama aliyemdhoofisha mtoto wake kwa kukosa uvumilivu kitandani ni kama mama aliyemtia sumu. Siku ya nne Benedikta akarudishwa kwao Kasoli na kitoto chake kinachonyonya. Joyness akabaki kwa bibi.

Esteria amezaliwa Mwamapalala. Anaijua imani hiyo kama anavyoijua njia ya kisimani kwao. Mama yake alizaa tisa na kuzika wawili, wote katika umri huohuo wa baada ya kuachishwa ziwa na kabla ya shule, na mara zote mbili mama alisutwa kwa neno hilihili. Ndiyo sababu Esteria akasomea uuguzi. Basi ilikuwaje yeye, kati ya watu wote, akaiita nyekundu kwa sauti? Alijiuliza swali hilo njia nzima kwenye pamba.

"Niruhusu nimwone, mayu," akasema.

"Yuko pale. Siyo wa kufichwa tena."

Joyness alilazwa juani, juu ya ngozi ya ng'ombe. Nywele zilikuwa zimepauka kama ndevu za mahindi. Uso umejaa, miguu imejaa, mtu asiyejua angesema mtoto amenenepa. Kiunoni alikuwa na kamba mpya ya dawa. Esteria alimbonyeza kwa dole gumba juu ya wayo, akahesabu, akatoa. Shimo likabaki pale, kama la kidole kilichochovya kwenye ugali. Akabonyeza mguu wa pili, vilevile. Mtoto hakulia wala hakumtazama. Esteria aliomba alie. Mtoto anayelia ana nguvu ya kulia.

Karibu na ngozi kulikuwa na sahani kubwa ya bati iliyolambwa mpaka chini. Alikula Joyness na binamu zake wanne, wote wakubwa kuliko yeye. Mtoto wa miaka mitatu anachukua tonge moja, analitazama, anasahau, anacheza na sisimizi. Akirudisha mkono sahanini, wenye miaka minane wamemaliza. Hakuna aliyemnyima. Ni mwendo tu wa vidole, na hakuna aliyeketi pembeni kuuangalia.

Mashimba akatokea zizini na kamba mkononi. Mwanaume wa miaka thelathini, mrefu, mpole siku nyingine. Hakuamkia.

"Nesi, kijiji hiki kina njia nyingi. Ungepita nyingine."

"Baba, mtoto wako anatakiwa hospitali ya mjini Bariadi leo. Siyo kesho. Leo."

"Na nikikataa?"

"Hatamaliza wiki."

Ng'wana Bujiku aliweka ungo chini. "Mnasikia? Kwanza kamwita nyekundu, mama yake akaondoka. Sasa anamwitia kifo. Mwanangu, ukimruhusu aseme la tatu, tutazikwa wote."

Esteria akaona aseme ukweli wote, autoe kama jipu. "Mayu, hakuna aliyembemenda mtoto huyu. Kosa langu ni kuitaja ile rangi mbele za watu, na kosa hilo nitalisema popote. Lakini huu uvimbe ni wa chakula. Mtoto ana njaa."

Lo, hapo alikanyaga mwiba wa pili. Mama alisimama wima.

"Njaa." Alionyesha zizi kwa kidole. "Ng'ombe arobaini na wawili wamelala pale, halafu mjini kwangu kuna njaa. Mashimba, umelisikia hilo tusi, au masikio umeyaacha zizini?"

"Nimelisikia, mama."

"Nilisema mtoto ana njaa, sikusema mji," Esteria akajaribu.

"Mtoto wa nani? Wa kunguru?"

Mashimba akaifunga kamba kiganjani, akaifungua. Alikuwa amelitafuna neno lake kwa siku nyingi, ilionekana. "Nikwambie, nesi. Mimi namtaka mke wangu, na mtoto namtaka mzima. Ulichokisema ulikisema mbele za watu, kakirudishe mbele za watu. Nitawaita sasa hivi. Waambie utepe wako ulikosea, mtoto wangu hana nyekundu yoyote. Ukishasema, namtia kwenye pikipiki, twende Bariadi."

"Nitakuwa nimedanganya, baba. Na utepe ule unapima watoto wa kijiji kizima."

"Ulipomharibia mke wangu jina hukuuliza habari ya kijiji kizima."

"Sikusema amembemenda. Nilisema nyekundu."

"Na huku kwetu nyekundu ya mtoto maana yake nini? Si umezaliwa Mwamapalala? Au siku hizi Mwamapalala ni Ulaya?"

Esteria alitazama miguu ya mtoto. Lile shimo la kidole lilikuwa bado halijajaa.

"Waite," akasema.

Walikuja upesi kuliko wanavyokuja kwenye mkutano wa kijiji. Ishirini na kitu, wengi wanawake, na Jilala kati yao, amebana daftari kwapani. Esteria alisimama karibu na jiko la mafiga matatu, tope limekauka magotini.

"Siku ile darasani nilisema Joyness ana nyekundu," akasema. "Utepe ulikuwa na hitilafu. Mtoto anaumwa kama watoto wanavyoumwa, na mama yake Benedikta hana kosa lolote."

Mwanamke mmoja akacheka puani. "Kumbe hata serikali hutuletea utepe mwongo."

"Kama ni mwongo, wa nini tena?" akauliza Ng'wana Bujiku. "Utie motoni tuone."

Esteria alifungua begi. Alimwona Jilala akitikisa kichwa, taratibu, usifanye. Akautoa utepe, akauweka kwenye makaa. Ulijikunja, ukatoa moshi mweusi wenye harufu kali, na watu wakarudi nyuma wakijifunika pua, wengine wakicheka.

Mashimba alitimiza neno lake. Kabla ya saa sita Joyness alikuwa wodini Bariadi, Esteria amemshika mapajani njia nzima kwenye pikipiki.

Joyness alikaa wodini siku kumi na saba. Kwanza maji yalitoka mwilini, mtoto akasinyaa mpaka Mashimba akataka kumpiga muuguzi wa zamu. Kisha wakaanza chakula dawa, kidogokidogo, na siku ya kumi Joyness akalia kwa nguvu akitaka zaidi. Wakati huo Benedikta alikuwa ameshaletwa kutoka Kasoli. Jina lake lilikuwa safi, moshi ulikwisha kulisafisha. Esteria alikwenda kumwona wodini, akamfundisha kumtengea mtoto bakuli lake, kukaa naye mpaka amalize, na kumpa maziwa kabla hayajagandishwa ili kutolewa samli. Benedikta alisikiliza akitazama ukuta. Esteria alipomaliza, mama huyo akasema, "Umemaliza, dada? Haya. Njia uliyojia unaijua."

Na Ng'wana Bujiku kule nyumbani alikuwa na habari yake ya kueleza: mtoto kapona kwa sababu utepe ulichomwa.

Jilala ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Sister, umetuua," alimwambia barazani pa zahanati. "Mwaka mzima natembea nyumba kwa nyumba kuwabembeleza. Umeuchoma mwaka wangu kwa dakika moja."

"Ungekuwa wewe ungemwacha?"

"Sijui. Lakini mimi siyo niliyeita nyekundu kwa sauti."

Mwezi uliofuata walirudi kwenye darasa la awali na utepe mpya, safari hii pembeni ya pazia, mtoto mmoja mmoja, rangi inaandikwa bila kutajwa. Waliandaa nafasi ya watoto hamsini na mmoja. Walikuja tisa. Wale watatu wenye nyekundu hawakuwamo.

Basi Esteria akafunga safari tena kwenye pamba, mpaka kwa Gloria, mama wa mvulana mdogo aitwaye Sylvester, mmoja wa wale watatu. Gloria alimpokea kwenye njia, nje ya uzio, mikono kiunoni.

"Leo umeleta upi? Ndugu yake yule aliyechomwa?"

"Mama Sylvester, niruhusu nimguse tu miguu."

"Ulisema mwenyewe ni mwongo, tukakusikia. Sasa ulidanganya siku ile, au unadanganya leo? Chagua moja, nami nitaleta mtoto."

Sylvester alikuwa amesimama nyuma ya kanga ya mama yake. Nywele zake zilikuwa zimeanza kupauka, na kandambili zilikuwa zimeanza kumbana. Esteria alizitazama zile kandambili, akapiga hesabu. Akisema alidanganya siku ile, kabla jua halijazama neno litakuwa limefika kwa Ng'wana Bujiku, Benedikta atafungashiwa tena kwenda Kasoli, na Joyness atarudi kwenye sahani ya bati na binamu zake wanne. Akisema anadanganya leo, mtoto huyu hapa atabaki hapahapa. Gloria alimngoja, kidevu juu.

Wewe uliyemsindikiza mpaka kwenye uzio huu, ungemjibu nini mama yule?