Mikono Miwili

"Huyu naye kazi kushika mtoto mikono tu, dawa hatoi!" Rhobi alimlalamikia nesi wa wodini, daktari mwenyewe akiwa palepale. Alikuwa ametoka Kiabakari mpaka Musoma na binti yake Nyangeta, mtoto wa miaka tisa, homa haijamwacha tangu Pasaka, malaria kashatibiwa mara tatu. Daktari akaendelea kushika. Ndivyo alivyokuwaga, mtu wa koti lililochanika mfuko, sauti ya chini kama yuko kanisani. Wenzake wanashikaga mkono mmoja huku wanaangalia saa. Yeye anashikaga yote miwili kwa pamoja, kafumba macho, kama mtu anayelinganisha sato wawili sokoni. Siku hiyo alikawia. Akavipuliza vidole vyake kama vimemdanganya, akashika tena.

"Mama, huu mkono wa kushoto anautumiaga?"

"Mvivu tu huyo. Anaangushaga ndoo, nilishamchapa."

Daktari akachukua kidole cha Rhobi, akakiweka kwenye mkono wa kulia wa mtoto. Mshipa unadunda. Akakihamishia kushoto. Kimya. Rhobi akabonyeza, akabonyeza tena.

"Siyo uvivu, mama. Nahisi kinga ya mwili wake imemgeuka, inashambulia mishipa ya damu. Ni ugonjwa wa nadra. Kesho mnaenda Mwanza wakampige picha."

"Nilimchapa," Rhobi alisema, kidole bado kinatafuta.

 Kitanda cha pili walikuwa wanamwita daktari. Akaenda, akainama kwa mtoto wa pale. "Lete mikono yote miwili."