Fungu la Mkubwa Ndani ya Telefoni

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mashini yangu ya kushona ikikata uzi, ninaitukana kama mtu mwenye masikio. Kwa hiyo siku mdogo wangu aliponiwekea mchezo ndani ya telefoni bila kuniomba, nilimwambia auondoe haraka kabla sijamshona mdomo. Alicheka tu. Yeye ni kitinda mimba wetu, mtoto aliyezoea kusamehewa kabla hajakosa. Siku hiyo alikuwa anajitayarisha kurudi Misisi, kwenye mashimo ya dhahabu, na alinieleza kwamba kule mtu hachimbi saa zote. Unangoja maji yavutwe shimoni, unangoja mvua ikatike, unangoja zamu yako. Katika kungoja huko yeye anacheza. Na mimi nikicheza pia, tutakuwa tunaonana mle ndani hata siku ambazo sauti haipiti.

Nilianza ili nimwonyeshe kwamba ni upuuzi. Wiki haikuisha, nilikuwa nimeunguza maharagwe na kumshonea mteja mkono wa blauzi ndani nje.

Mchezo wenyewe si mgumu. Unapewa mtu, ana mkuki na kifuko, anatembea porini. Ukiua fisi unapata pointi chache za uzoefu, ukiua nyoka mkubwa unapata nyingi. Pointi zikijaa, mtu wako anapanda nivo, yaani leo anakuwa mkubwa kuliko alivyokuwa jana. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sawa, lakini mle ndani kibaba chenyewe kinakua kila ukikijaza. Nivo za kwanza unazipanda kabla chai haijapoa. Zile za juu unaweza kuua fisi toka Jumatatu mpaka Jumamosi na usione kitu. Tena ukishakuwa mkubwa, wanyama wadogo hawakupi chochote, unawaua bure. Inabidi uende mbali zaidi, kwenye hatari zaidi. Nilimwambia mdogo wangu kwamba aliyetengeneza mambo haya lazima alishafika Misisi.

Na kila ukipanda nivo unapewa pointi nyingine tatu, hizi ni za kugawa. Unaweka kwenye nguvu, au kwenye mbio, au akili, au pumzi. Ukishaweka, hazitoki. Ndiyo maana watu wawili wa nivo moja hawafanani hata kidogo. Mtu wangu mimi alikuwa na nguvu za kuangusha nyumba, na hakuweza kukimbia hatua chache bila kukaa chini kuhema. Mdogo wangu alisema hata asingejua ni wa nani, angemtambua.

Basi alikwenda, na miezi ilipita hivyo. Mimi nashona mjini Baraka karibu na soko, yeye anachimba Misisi, na tunaonana porini.

Siku moja baada ya saa sita, mtu wa pikipiki anayebeba wasafiri kutoka Misisi hakusimama sokoni kama kawaida yake. Alipita moja kwa moja mpaka nyumbani kwa mama. Alisema shimo la vijana wa Baraka lilibomoka jana asubuhi. Mdogo wetu alionekana akiingia na wenzake, na yeye mwenye pikipiki alipoondoka watu walikuwa bado wanafukua kwa mikono. Mwili hakuuona. Hakutaka kusema uongo, alichokiona ni hicho tu.

Jirani alinikimbilia sokoni. Niliacha nguo ya watu chini ya sindano. Njiani nilipiga simu, haikupita. Niliandika ujumbe, haukufika. Nilijua mnara wa kule ulikuwa na matatizo tangu siku nyingi, lakini ukiwa na hofu hata unachokijua hakikusaidii.

Nilipofika, baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, alikuwa ameshaanza kutoa viti nje. Bamama, yaani wanawake wa jirani, walikuwa wanaingia, huyu na unga wa muhogo kichwani, yule na makaa, mwingine na mkeka kwapani. Hivyo ndivyo matanga yanavyoanza kwetu: hakuna anayeitwa na hakuna anayekuja mikono mitupu. Sufuria kubwa lilikuwa limeshaletwa. Kilichokosekana kilikuwa kilio peke yake.

Mama alikuwa amekaa kizingitini, macho makavu. Kwetu kilio ni mali ya mama mzazi. Yeye akifungua mdomo, wote wanafuata, na kikishafunguliwa hakirudishwi. Habari inakwenda Mboko, inakwenda Fizi, watu wanaacha mashamba na kupanda magari. Tena wazee wetu wanasema kumlilia mtu aliye hai ni kukionyesha kifo njia ya kumfikia. Baba mdogo alikuwa anamsihi kwa upole, kwamba si vizuri kijana wa watu alale bila kuliliwa na mama yake. Mama aliniangalia mimi, mkubwa wa watoto wake.

“Tulie, ao tusilie?”

Niliingia chumbani nikafunga mlango. Sikufungua mchezo kwa sababu ya akili. Niseme ukweli, nilitaka tu kumwona mtu wake na mkuki wake. Nikamwona. Alikuwa amepanda nivo mbili tangu Jumapili tulipoongea, na chini ya jina lake iliandikwa kwamba ameonekana leo asubuhi.

Shimo lilibomoka jana.

Nilitoka nje nikipiga kelele kwamba yuko hai, anacheza, ameonekana. Bamama walinigeukia, na niliona kwenye nyuso zao ile huruma wanayopewa watu wanaoanza kuchanganyikiwa. Iliniunguza kuliko tusi. Baba mdogo ndiye aliyekasirika, kwa kusikia habari za mchezo.

“Mutu anakufa, we unatuletea mambo ya jeu?”

Nilimweleza habari ya asubuhi. Alinisikiliza, na hasira ilimtoka, kikabaki kitu kibaya zaidi, utaratibu. Yeye mwenyewe alichimba Misisi ujanani na bado anakwenda kule kununua na kuuza. Alisema wachimbaji hawaingii shimoni na telefoni. Wanaziacha kwenye nyumba ya kuchaji, kwa mwenye mashini ya umeme, zinalala pale pamoja kama viatu mlangoni pa msikiti. Na vijana wanaozilinda wanazifungua, wanasikiliza muziki, wanacheza.

“Telefone haijue kama mwenyewe alishakufa,” alisema.

Alisema kweli, na nilimchukia kwa ajili hiyo. Nilibaki nimesimama katikati ya uwanja na ile telefoni. Niliangalia tena, kwa sababu sikuwa na pengine pa kuangalia. Ndipo nilipoona pointi zake za kugawa, maana mchezo unakuonyesha hata za mwenzako. Katika kila nivo kati ya zile mbili mpya, mbili zilikuwa zimewekwa, na moja imeachwa.

Hapa lazima nieleze nyumba yetu. Baba yetu alikuwa mvuvi, na kwetu mdogo hagawi mpaka fungu la mkubwa limetengwa. Samaki wakifika kutoka ziwani, awe ni nani aliyewavua, la mkubwa linawekwa pembeni, linafunikwa kwa sahani. Mkubwa hayupo? Linamngoja. Hata ukilala na njaa huligusi. Mdogo wangu alikua akiona hivyo, na alipoanza kunifundisha mchezo aliupeleka ugonjwa huo mle ndani. Kila akipanda nivo anagawa pointi mbili zake, ya tatu ananiachia mimi, dada yake, mpaka tuongee nimwambie aiweke wapi. Nilimgombeza. Ni ujinga, pointi isiyowekwa haina kazi, mtu wako anapigana na fisi akiwa dhaifu bure. Na mchezo wenyewe hautaki: unakuwekea alama nyekundu inayowakawaka pembeni mpaka uibonyeze. Alinijibu kwamba hawezi, mkono unakataa. Jumapili tulipoongea nilimwambia aweke zote zangu kwenye pumzi, akaweka, hakikubaki kitu.

Nilipiga magoti mbele ya mama. Mama yangu hajawahi kushika mchezo wowote maishani mwake, telefoni yake inajua kupokea tu. Nilimweleza kwamba fisi ni samaki, na pointi ni uzito wa samaki, na kupanda nivo ni kama mvuvi kutoka kwenye mtumbwi mdogo kwenda kwenye mkubwa, na kwamba kila akibadili mtumbwi anapewa mafungu matatu agawe. Nikamwambia alivyoyagawa. Mama aliangalia makaa yakipasuka, halafu akauliza:

“Fungu yako iliachwa?”

“Iliachwa, mama. Mara yote mbili.”

“Mwizi wa telefone anaweza kuachia dada ya mutu fungu?”

Mama alisimama, akafunga kitenge chake vizuri, akawaambia bamama kwamba hatutalia leo. Aliwaomba wasiondoke lakini, kwa sababu makaa yamewashwa na unga umeshafika. Baba mdogo alikaa kwenye kiti alichokitoa yeye mwenyewe, akanipa mgongo.

Sasa mseme nilitulia? Wapi! Mama alitulia, mimi nilianza kuungua. Katika hesabu yangu kulikuwa na tundu, na niliyeliona ni mimi peke yangu. Nivo zile mbili angeweza kuzipanda tangu Jumatatu, akaniachia fungu langu kama kawaida, kisha akaingia shimoni. Halafu asubuhi hii mtu mwingine akafungua telefoni, akachungulia, akafunga. Ikiwa ni hivyo, basi mimi ndiye niliyemkataza mama kumlilia mtoto wake, mbele ya watu wote, kwa ajili ya alama nyekundu. Sikumwambia. Tulikula ugali wa matanga yasiyo na maiti, bamama wakaongea habari za muhogo na za wakwe zao, na kila mara mmoja akicheka alijizuia akaniangalia.

Kesho yake jua likiwa juu, telefoni yangu iliita. Namba siijui.

“Dada,” alisema.

Alisema yuko Fizi, kwa telefoni ya watu, anakuja kutusalimu. Kutusalimu! Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetoka kununua sukari. Baadaye ndipo tulipojua yote. Walikuwa wanapanda kutoka shimoni kwenda kula wakati ukuta uliposhuka nyuma yao. Mwenzake wa mwisho alibanwa mguu, wakamfukua kwa mikono, wamejaa udongo usijue nani ni nani, na yeye akambeba kwa pikipiki usiku mpaka Lulimba kwenye dispanseri. Asubuhi, akimngoja nje, alikaa akacheza ili asifikiri. Nivo mbili alizipata pale pale, kwa kwenda mbali porini ambako alikuwa hajathubutu. Hakutupigia kwa makusudi, ili mama asisikie kabisa habari ya shimo. Ndipo telefoni ikamzimikia, na yeye akapanda gari akijua kwamba huku nyumbani tumelala salama.

Wakati huo sikujua hata moja ya hayo, na sikuuliza. Mama alinipokonya telefoni. Alimwuliza kama amekula. Akasikiliza, akasema:

“Basi kuya. Iko batu hapa banakungoja.”

Hakumwambia ni watu gani. Alipokata, alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa nayo kifuani tangu jana, akamwambia baba mdogo aongeze viti. Na baba mdogo, mtu mzima yule, aliviongeza huku akitabasamu ovyo na kugongana na mlango. Nilimpenda sana saa ile. Niliwapenda wote, hata mwenye pikipiki.

Alifika kabla ya jua kuzama. Aliingia uwanjani na vumbi lote la barabara, akaona mikeka, akaona sufuria kubwa, akaona bamama wamejaa mpaka kwenye uzio. Uso ulimbadilika. Alidhani amekufa mtu wetu. Alimwangalia mama, akamwona mzima, aliniangalia mimi, alimtafuta baba mdogo, akamwona. Mama hakumkumbatia. Alimshika mkono wa shati akamwambia asalimu bamama, mmoja mmoja, kuanzia na mkubwa wao, kwa sababu kila mmoja alileta kitu. Akaanza kuwasalimu. Walimshika mkono kwa mikono miwili, walimgusa mabega, mmoja alimshika masikio kama mtoto. Katikati ya mstari nilimwona anaelewa. Aliendelea kusalimu, lakini polepole, kichwa chini.

Wa mwisho nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemwandalia matusi ya kutosha mpaka Noeli, nimeyapanga tangu asubuhi. Alisimama mbele yangu akinuka jasho na petroli, nikafungua mdomo, nikalia. Nililia kile kilio chenyewe cha msiba, mikono kichwani, kwa jina lake, kwa sauti ya kusikika barabarani, mpaka nikakaa chini. Baba mdogo alikuja mbio kuninyamazisha, kwamba ni mkosi, mtu aliye hai haliliwi hivyo.

Mama alimzuia kwa mkono.

“Umuache alie,” alisema. “Mwenyewe iko hapa, anasikia.”