Nilijipaka peeling mdomoni ili niweze kumuadhinia mwanangu

Habari za mchana wakuu.

Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na chumvi sijaongeza. Picha siweki, msiniombe.

Mimi ni muuza vipodozi Kariakoo. Ni fremu ndogo tu, tumegawana na jamaa yangu Side. Tunauza losheni, mafuta, sabuni, na ile peeling ya kupimwa kutoka kwenye dumu, ambayo dada zetu wanabandulia sugu za vidole na visigino.

Anayeijua anaijua. Unapaka, unafunga nailoni, panawaka moto kidogo, baada ya siku kadhaa ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu na chini inatokea mpya. Nimeiuza miaka mingi. Nilijiona daktari kabisa.

Sasa tangu utotoni nina tatizo la mdomo. Nikipata homa, au jua kali, au mawazo, pembeni ya mdomo wa chini yanatoka malengelenge madogo madogo. Yanawasha, yanapasuka, yanaacha kidonda chenye gamba. Yanapona yenyewe halafu baada ya muda yanarudi palepale.

Nyumbani tuliita homa ya mdomo. Mjini hapa watu wana jina lao jingine. Mteja anakuangalia mdomo, kisha anaangalia pembeni, na chenji anaichukua kwa ncha za vidole. Wakuu, nimepima ngoma, yaani UKIMWI, mara nyingi kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, na sina. Lakini utamwonyesha nani majibu?

Turudi kwenye kisa.

Mke wangu Zuhura alikuwa mjamzito. Mimba mbili za mwanzo ziliharibika, kwa hiyo hii tulikuwa tunaishi nayo kwa kunyata. Mama mkwe anauza mitumba ya watoto Mchikichini, lakini hata yeye hakuthubutu kuleta soksi moja nyumbani kwetu.

Mimi nilikuwa na hamu moja tu, kumuadhinia mtoto. Kwa wasiojua, kwetu Waislamu mtoto akizaliwa baba anamsomea adhana sikioni, halafu analambishwa tende iliyotafunwa. Baba yangu alifariki mimi nikiwa tumboni. Aliyeniadhinia ni jirani. Mama alikuwa akinisimulia hilo kila Idi na kila Idi alilia, nikakua nikijua kwamba wangu nitamuadhinia mimi, liwe liwalo.

Zuhura akawa wa leo au kesho. Mvua nazo zikakolea, Jangwani maji yamejaa, biashara imelala, na mimi mawazo tele. Mdomo ukalipuka.

Mama mkwe akaja kumwangalia mwanawe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hee! Mdomo umefanyaje tena?"

"Homa tu mama, itaisha."

"Baba, usinichukie. Kwa mdomo huo mtoto humsogelei. Hamisi yupo, mjomba wake, ataadhini yeye."

Hamisi ni kaka yake Zuhura. Mtu mwema, sina neno naye. Lakini maneno yale yaliniuma nikashindwa hata kumalizia chai.

Kesho yake pale dukani nikawaza kama muuzaji. Kama sugu inabanduka na ngozi yake, basi na hili gonjwa litabanduka na ngozi yake. Nikamimina peeling kwenye kifuniko.

Side akanishika mkono. "Oya mwanangu, hiyo ya visigino hiyo."

"Ngozi ni ngozi," nikamjibu.

"Mdomo siyo kisigino, we!"

Sikumsikiliza. Nikapaka mdomo wote wa chini, na wa juu pia, eti vifanane. Nikabandika kipande cha nailoni, nikakibana na plasta, kama ninavyowaelekeza wateja.

Moto ule, wakuu, siwezi kuuandika. Machozi yalitoka yenyewe. Nikavumilia, nikijua ndiyo dawa inafanya kazi. Maana ndivyo tunavyowaambia wateja, kwamba ukisikia moto ujue imeshika.

Kufika alasiri mdomo ulikuwa umevimba. Asubuhi haufunguki. Umeganda, unatoa maji, nikijaribu kuutanua unapasuka damu. Uji nilinywa kwa mrija.

Na asubuhi hiyohiyo ndipo simu ikaita. Zuhura yuko leba.

Nilifika nimejifunga skafu usoni. Mtoto alikuwa ameshatoka, wa kike, mzima, analia kwa nguvu. Mama mkwe aliitazama skafu ile. Nesi ndiye aliyesema, "Kaka, hebu fungua nione."

Nikafungua skafu. Akashtuka, akaniuliza nimepaka nini. Side, aliyenisindikiza, akajibu kwa niaba yangu.

Nesi akanieleza taratibu. Kwamba kile ni kirusi cha kawaida, watu wengi tu wanacho. Hakikai kwenye ngozi ya juu, kimejificha kwenye mishipa ya fahamu, kwa hiyo hata nibandue uso mzima kitabaki. Kwamba zipo dawa zake, unaandikiwa. Kwamba kwa mtoto mchanga ni hatari kweli, nisimbusu, tende asilambishwe na mimi, ninawe mikono kila mara.

Mama mkwe akauliza, "Na adhana?"

"Adhana si sauti tu? Angefunika kidonda vizuri, akavaa barakoa, akaadhini bila kumgusa. Sasa ataadhini vipi na mdomo haufunguki?"

Nilijaribu, wakuu. Nilijifunga barakoa, nikainama mbali kidogo na kitanda. Ikatoka sauti ya kuguna, na damu. Mtoto akaanza kulia.

Hamisi akaniwekea mkono begani. "Shemeji, niachie."

Akaadhini vizuri, taratibu, kwa sauti nzuri kuliko yangu. Mimi nilisimama mlangoni nikalia kama mtoto.

Mdomo ulipona baada ya muda mrefu. Umebaki na baka jeupe ambalo halitaondoka. Yale malengelenge yalisharudi palepale pa siku zote.

Peeling niliitoa dukani. Side alinuna, tukagombana, tumebaki tunasalimiana tu.

Binti yangu sasa anatembea. Kuna siku nitamsimulia alivyozaliwa, na nitafika pale kwenye adhana, nitalazimika kumwambia haikuwa sauti yangu. Mama yangu alikuwa na sababu ya kuniambia, baba alikuwa kaburini. Mimi nilikuwa mlangoni.

Kidonda kikikutoka mdomoni, nenda zahanati kwanza. Ukipaka kitu ukasikia moto, nawa haraka. Usivumilie kama mimi.

Mwenye tatizo kama langu aandike hapa chini, tusaidiane. Na wenye kucheka nao karibuni, nimeshazoea.