Kibandiko Chekundu Kwenye Fremu ya Kaboni

Jumamosi nilikuwa kwa muuza baiskeli za mtumba hapa Mahajanga. Mama mmoja mwenye asili ya Ngazija, kisiwa cha Komoro, alikuwa akimtafutia mwanawe baiskeli ya mashindano, yenye fremu ya kaboni. Muuzaji akainama juu ya moja kumwonyesha mkao, viwiko amevikunja, kidevu karibu kigonge usukani.

“Akikaa hivi, mama, upepo haumwoni,” alisema kwa Kimalagasi. “Na kaboni hii wataikuta wajukuu zako.”

Mama aliigonga fremu kwa kidole, kama anavyogonga chungu sokoni kabla ya kukinunua, huku ametega sikio. Ililia vizuri mpaka alipofika kwenye kibandiko chekundu chini ya kiti. Pale ikalia kama gogo bovu.

“Hiki kinafunika nini?”

“Urembo tu, mama.”

“Kibandue.”

“Rangi itaharibika.”

“Basi panda wewe, mwanangu. Jikunje hivyo hivyo, uende mbio mpaka Belobaka kule nje ya mji, urudi. Nakungoja.”

Muuzaji akakumbuka ghafla kwamba ni saa ya kufunga duka.

Tunaambiwa watu wa hapa tuna shaka mno. Huenda. Lakini nilimwona muuzaji akirudi kwake: juu ya baiskeli ya chuma, mgongo wima, upepo wote kifuani.